Swali la Saba Kwenye Fomu ya Bima

Ilianza siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa naijua kwa sababu fomu zetu zilikuwa na kisanduku cha saa, na mimi sikuwa mtu wa kuruka visanduku. Katika kazi yote niliruka kimoja tu, na hicho ndicho kilichonifanya niwaandikie.

Mzee Gwasa aliingia ofisini kwetu, hapa Kibondo, na koti la mvua mwilini ingawa jua lilikuwa limeshatoka. Nilitoka nyuma ya meza, nikachuchumaa, nikampigia makofi ya salamu kama nilivyolelewa nyumbani Makere. "Mwakeye, babu." Akaitika kwa furaha, maana kwenye ofisi za mjini hawamsalimii hivyo, wanamwambia "karibu mzee" huku wanatazama simu. Alikuwa amemnunulia mjukuu wake Filimoni pikipiki kwa maharage ya misimu miwili, na alitaka bima kabla pikipiki haijagusa barabara. Mtu makini kuliko wengi.

Nikajaza fomu. Jina, kijiji, namba ya usajili, namba ya chesisi, rangi, mwaka wa kutengenezwa. Swali la saba linasema: Matumizi ya chombo. Visanduku viwili: "binafsi" na "kubeba abiria kwa malipo". Kalamu yangu ikasimama hapo.

Kwetu mtoto hamhoji mtu mzima juu ya mali yake. Huulizi ana ng'ombe wangapi, huulizi shamba lake linaishia wapi, huulizi kitu alichonunua kitamwingizia nini. Unakaa kimya, na yeye akiona inafaa atakwambia. Nikakaa kimya. Mzee naye akakaa kimya, ananisubiri mimi, anatabasamu. Tulikaa hivyo, watu wawili tunaoheshimiana sana, halafu nikatia alama kwenye "binafsi", kwa sababu ndicho kisanduku cha kwanza na hakikuhitaji swali. Akabonyeza dole gumba kwenye wino, akaliweka chini ya karatasi.

"Tayari, mjukuu wangu?"

"Tayari, babu."

"Kwa hiyo hata kikitokea kitu?"

"Bima ipo, babu."

Wadogo zangu, ninyi mnaomaliza kidato cha nne mwaka huu na ujao, nawaandikia kama mstaafu. Chekeni tu. Nina miaka kumi na tisa, lakini kazi niliyofanya miezi ishirini na miwili imekwisha na sirudi, na sijui neno jingine la mtu wa namna hiyo. Mtaitwa kwenye kazi kama yangu. Mawakala wa bima wanapenda wasichana wenye mwandiko mzuri na wasio na maneno mengi. Mimi darasani nilikuwa naomba Mungu mwalimu asinitaje, kwa hiyo nilipoambiwa kuna kazi ya kukaa kwenye kiti na kujaza karatasi, niliona Mungu kanikumbuka.

Bosi wangu alikuwa kaka Yusto. Aliuza bima za vyombo vya moto, na vifaa vya GPS vya kufungia pikipiki ili mwenye mali aione kwenye simu iko wapi. Mlangoni aliandikisha kibao: BIMA NA GPS, LALA USINGIZI. Yeye mwenyewe hakuwa mtu mbaya, hilo niliseme mapema, maana mkiendelea kusoma mtamchukia. Alinipa kiti chake chenye mto, akabaki na cha plastiki. Chai alininunulia bila kuombwa.

Wiki ya kwanza kabisa nilimwambia, "Kaka, hili swali la saba naona aibu kuwauliza wazee."

"Usiulize. Weka binafsi. Ya binafsi ni nafuu, mteja hakimbii."

"Na kama anabeba abiria?"

"Umemwuliza?"

"Hapana."

"Basi hujui. Na kama hujui, hujadanganya." Akaniona nimetulia, akacheka. "Skola, wewe utafika mbali."

Niliandika maneno hayo kwenye kaunta buku langu siku ileile, kama hekima. Bado yapo, sijayafuta.

Yule aliyenifundisha kazi ya kweli ni fundi Ezekieli, aliyekuwa anatufungia vifaa. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye akazaliwa huku, wakapata uraia, wakabaki kulima na kuuza mihogo upande wa Kasulu. Alikuwa na mikono mikubwa na sauti ndogo, na kila jambo alilianza na "bon", yaani "vema" kwa Kifaransa, hata kama ni baya.

"Bon. Chini ya siti usiweke. Mwizi anaanzia hapo. Kwenye chuma usifunike, kifaa kinataka kuona mbingu. Nyuma ya taa ya mbele, pale kwenye plastiki, uso juu."

Gundi alikuwa haitumii. Alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakivisha kifaa kama soksi, akafunga ncha zote mbili kwa uzi wa kushonea viraka. Mafundi wa Dar wanaokuja na gundi zao hawajaona tope letu jekundu la mwezi wa tatu. Linaingia mpaka ndani ya roho. Vya kwao vilikufa kabla ya msimu kuisha. Vya Ezekieli vinafanya kazi mpaka leo, na kama kuna mtu anataka kujua hasira ni nini, ajaribu kutamani kifaa kilichofungwa vizuri kiwe kimeharibika. Nitafika huko.

Jifunzeni na hili la mpakani. Mama mmoja muuza maharage aliweka kifaa kwenye pikipiki yake, dereva akatumwa upande wa Mabamba kupeleka mizigo. Mchana mama akaja anapiga mayowe, simu mkononi: nukta yake imesimama kwenye mpaka wa Burundi na haitikisiki. Mimi nikaangalia, nikathibitisha, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: imevuka. Polisi wakaenda. Dereva wakamkuta kwa shangazi yake, upande huuhuu wa Tanzania, anakula ugali wa muhogo, pikipiki imeegeshwa kivulini. Hata hivyo alikaa mahabusu siku mbili. Kumbe laini ya kifaa ilikuwa imekamata mnara wa Burundi, ikanyamaza, na nukta ikabaki pale ilipoonekana mara ya mwisho.

"Bon," alisema Ezekieli, "mnara haujui mpaka. Wewe ulisoma kimya ukasema ni jibu."

Tangu hapo kila laini tuliifunga isihame mtandao. Dereva yule alipotoka alikuja ofisini, nikajificha chooni. Ezekieli ndiye aliyemwomba radhi kwa niaba yangu.

Na lipo la mchungaji, ambalo nikilikumbuka bado nacheka, halafu nanyamaza. Vifaa vile vinaweza kuzima injini kwa simu, pikipiki ikiibiwa. Ezekieli alinikataza kuzima chombo kinachotembea. Siku moja nilitakiwa kumzimia mtu aliyeripoti wizi, nikabonyeza mstari wa juu yake kwenye orodha. Nilimzimia mchungaji. Alikuwa porini anaenda kuzika, bahati nzuri kwenye tambarare. Nilipogundua nikawasha tena haraka, jasho linanitoka. Jumapili mchungaji alishuhudia madhabahuni: injini ilikufa ghafla, akashuka, akaweka mikono juu ya tangi, akakemea, na kabla hajasema amina ikakubali kuwaka. Kanisa zima lilisimama. Nami nilisimama, benchi la tatu, nikasema haleluya.

Ningemwambia, ningeaibika kidogo. Sikumwambia, na hakuna aliyeumia. Ndivyo nilivyojifunza kwamba ukinyamaza mambo hupita.

Filimoni, mjukuu wa Mzee Gwasa, alikuwa kijiweni siku ya pili tu baada ya ile Jumanne. Nilimwona nikipita kwenda kununua vitumbua. Amevaa kizibao cha waendesha bodaboda, helmeti mpya, anagombea abiria na wenzake.

"Sista wa bima!" akaniita. "Panda, nikupeleke bure, umetuandikia vizuri!"

"Panda, sista, jamaa ana bima mpaka kwenye kucha!" mwingine akadakia, wakacheka wote.

Niliinamisha kichwa nikapita. Wakati ule ningeweza kurudi ofisini, nikatoa fomu, nikasema kaka Yusto, hii tubadilishe. Nililifikiria kuanzia kwenye vitumbua mpaka mlangoni. Halafu nikaona nitalazimika kumwita Mzee, nimweleze kwamba sikumwuliza, na yeye atalazimika kuongeza hela, na ataniona mtoto asiye na adabu. Nikakaa kwenye kiti chenye mto.

Miezi saba ilipita.

Ajali ilitokea kwenye mteremko wa barabara ya vumbi, kilomita chache kutoka mjini, mvua imetoka kuacha. Ng'ombe alitokeza, Filimoni akakwepa, pikipiki ikateleza, mguu wa abiria ukabanwa kati ya pikipiki na jiwe. Filimoni alichubuka kiwiko. Abiria alikatwa mguu wa kulia chini ya goti.

Abiria alikuwa mwalimu Rehema.

Baadhi yenu mnamjua. Ni mtu wa Tanga, aliletwa na serikali Makere akatufundisha Kiswahili kidato cha pili na cha tatu, kisha akahamishiwa huku. Alikuwa anafundisha akitembea. Hakukaa hata mara moja. Alizunguka kati ya madawati na kitabu nyuma ya mgongo, na ukisinzia ulisikia viatu vyake kwanza. Mimi alinijua kwa madaftari tu. Siku moja aliandika chini ya insha yangu kwa wino mwekundu: "Jibu unalo. Siku moja litamke."

Nilikwenda kumtazama hospitali na maembe matatu. Alikuwa amelala chali, kajitanda khanga.

"Ni Skolastika huyu? Njoo bibi, kaa. Umenenepa. Wanakulisha huko ofisini?"

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Usiangalie shuka, niangalie mimi. Mguu umekwenda, mimi nimebaki." Akajaribu kucheka. "Hivi mnanionaje nyie Waha, mmenipokea na miguu miwili, mnanirudisha kwetu na mmoja?"

Nikayageuza maembe mikononi. Akanisaidia, kama alivyokuwa akinisaidia kwenye madaftari.

"Matibabu nina kadi, sina shida. Lakini kuna mguu wa bandia wa kutembelea, si lile gongo la mti wanalonionyesha hapa. Huo hauko kwenye kadi. Polisi fomu wamenijazia, Filimoni kasema pikipiki ina bima. Kwenu."

"Ndiyo, mwalimu. Kwetu."

"Basi nitasimama tena mbele ya darasa. Nikikaa kwenye kiti nikafundisha, nitakuwa mwalimu gani mimi?" Akanishika mkono. "Uliandika wewe? Basi nina imani. Mwandiko wako naujua."

Nilitoka pale nikapita nyuma ya jengo la wodi, nikarudi ofisini kwa njia ndefu.

Mtu wa madai wa kampuni ya bima alikuja kutoka Kasulu wiki mbili baadaye. Alikuwa mpole, tai imekaa vizuri, akanishukuru kwa kila karatasi niliyompa. Aliuliza kama pikipiki ina GPS. Nikasema ndiyo, tulifunga wenyewe. Akaomba safari zake za miezi yote.

Sasa hapa naomba msome polepole, maana hili hakuna aliyenituma nilifanye kwa bidii kiasi kile. Mimi nilidhani wanatafuta kumbambikia Filimoni mwendo kasi ili wakatae kulipa. Nilijua hakukimbia. Nilikaa mchana mzima nikatoa kila safari, nikapiga mstari kwa kalamu ya kijani chini ya kila mwendo mdogo. Siku ya ajali, kwenye mteremko, kifaa kilionyesha spidi ishirini na sita. Niliweka duara. Nikapanga karatasi kwa tarehe, nikazibana, nikampelekea kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka zawadi.

Akasoma. Alikwenda ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi. Spidi hakuitazama.

"Hapa inaposimama kila asubuhi saa kumi na mbili ni wapi?"

"Kijiweni," nikasema.

"Inatoka, inasimama dakika moja, inarudi. Inatoka, inasimama dakika mbili, inarudi. Kutwa nzima. Kila siku." Akavuta fomu ya Mzee Gwasa, akaweka kidole kwenye swali la saba. "Na hapa ni binafsi."

Kaka Yusto alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama barabarani.

"Bima ya binafsi haimhusu abiria wa kulipa," akasema yule mtu, kwa upole uleule. "Pole sana. Ripoti yako ni nzuri. Sijawahi kupewa iliyopangwa hivi."

Ndipo nilipozungumza. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, ikanishtua hata mimi.

"Sikumwuliza."

"Unasema?"

"Mzee hakusema binafsi. Mimi ndiye niliyetia alama. Sikumwuliza, niliona aibu. Na yeye hajui kusoma. Kosa ni la ofisi, siyo la kwake."

Kaka Yusto akageuka. "Skola."

"Na siyo yeye peke yake. Wote. Wazee wote, na vijana wengi, sikuwauliza."

Mtu wa madai aliweka kalamu chini. Nilidhani amefurahi kupata ukweli. Alinihurumia tu.

"Binti, hili dole gumba ni lako?"

"Hapana."

"Anayetia dole ndiye anayesema kwamba yaliyoandikwa ni ya kweli. Fomu inaeleza hapa chini." Maandishi yenyewe yalikuwa madogo kama mbegu za ulezi. "Ukitaka kuandika maelezo yako, andika, nitayaambatanisha. Yatasomwa. Lakini nisikudanganye: madai haya yamekataliwa."

Niliandika kurasa mbili. Mwandiko ulikuwa mbaya.

Alipoondoka, kaka Yusto alifunga mlango, akakaa kwenye kiti chake cha plastiki. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Umemsaidia nani?"

Nikatazama ufunguo wa droo.

"Nijibu. Mwalimu amepata mguu?"

"Hapana."

"Mzee wa watu, sasa anaweza kudaiwa yeye. Mimi naweza kufungiwa. Na hao vijana wote ulioropoka juu yao, unajua wakilazimishwa bima ya abiria wangapi wataweza? Watakaa bila bima kabisa. Ungenyamaza wangekuwa na stika angalau."

"Stika haiwasaidii kitu, kaka."

"Inawasaidia kwa trafiki!" Alisema kwa uchungu wa kweli, na nikaona kwamba anaamini. "Trafiki akiingiza namba kwenye simu, inakuja: bima ipo. Kijana anapita, anakwenda kulisha watoto. Ndiyo kazi ya bima hapa, Skola. Nyingine ni ya kwenye vitabu."

Zamani, kama kaka Yusto alivyowahi kunieleza, stika zilikuwa za karatasi na wajanja walizitengeneza kwa rangi za maji. Dereva alikuwa na wasiwasi, anajua anachobandika ni cha uongo. Siku hizi ni mtandao, hakuna wa kughushi. Simu ya trafiki inasema bima ipo, na bima ipo kweli. Haisemi inamlinda nani. Nimefikiri sana, na naona ya karatasi ilikuwa afadhali. Mtu mwenye stika ya uongo alikuwa anajua hana kitu.

Niliacha ufunguo wa droo mezani. Ezekieli alikuwa nje, anavua tyubu kwenye kifaa cha mteja.

"Fundi, ulikuwa unajua? Kuhusu swali la saba?"

Aliendelea na uzi wake. "Bon," akasema, halafu kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu.

Mchana uleule nilikwenda kwa mwalimu Rehema. Walikuwa wamemruhusu, anakaa nyumba ya walimu, kitanda kimesogezwa dirishani. Nilimwambia yote kwa mpangilio: Mzee, kisanduku, aibu, zile karatasi za kalamu ya kijani. Nilipiga magoti, kisha nikaona kupiga magoti mbele ya mtu asiye na mguu ni dhihaka, nikasimama. Nikaona kusimama ni dhihaka zaidi. Nikakaa chini sakafuni.

Watoto walikuwa wanacheza rede nje.

"Ungeuliza tu," akasema. "Maneno mangapi yale? Babu, itabeba abiria? Matatu."

"Nisamehe, mwalimu."

"Sijui." Aliangalia dirishani. "Nitakuja kukusamehe siku nyingine, leo siwezi. Leo mguu unaniwasha na haupo."

Nikajiandaa kuondoka.

"Skola. Wengine wangapi?"

"Sijui, mwalimu."

"Hujui, au hujahesabu?"

Sikuwa nimehesabu. Nilikwenda nyumbani kwa mama mdogo ninapoishi, nikafungua kaunta buku. Namba za pikipiki nilikuwa naziandika kila siku, kwa ajili ya kumbukumbu zangu tu, na zile ambazo sikuuliza nazikumbuka zote, kwa sababu ni zote. Nilizinakili kwenye karatasi safi. Mama mdogo aliniuliza ninaandika nini, nikasema barua ya kazi. Jua lilikuwa halijazama nikawa nimemaliza, nikakaa nazo mapajani.

Wadogo zangu, kama mlitaka mstaafu awape siri za kazi, nimeshawapa: tyubu ya baiskeli, uso juu, funga laini isihame. Hili la kuuliza sina siri yake. Mtauliza na wazee watawaona hamna adabu, na mabosi watawaona wazito, na wateja watahamia kwa wakala anayekaa kimya. Mimi sijui namna ya kuuliza bila kulipia. Najua namna ya kutouliza tu, na anayelipia huko ni mtu mwingine.

Asubuhi yake, saa kumi na mbili na nusu, nilikwenda kijiweni na karatasi yangu.

Walikuwa wengi, injini zinawaka, ukungu haujaondoka. Filimoni hakuwepo, tangu ajali hajarudi. Nilisimama kwenye ukingo wa mtaro ili nionekane.

"Jamani," nikasema. Hakuna aliyesikia. "Jamani!"

"Oya, sista wa bima kaja kutuombea!"

"Bima zenu," nikasema, "zile nilizoandika mimi, hazimlindi abiria. Ni za binafsi. Mkianguka na mtu, hawamlipi. Nitasoma namba. Ukisikia yako, nenda ukabadilishe."

Kisha kijana mmoja mwenye koti la jeshi la mtumba akatoa simu, akaingiza namba yake mwenyewe, akainyanyua juu wenzake waone.

"Mbona inasoma? Bima ipo hii hapa!"

"Ipo, lakini..."

"Trafiki anaiona?"

"Anaiona."

"Sasa shida nini, dada'angu?"

Wakacheka, si kwa ubaya. Mmoja aliniambia kwa Kiha nirudi nyumbani nikanywe uji, nina baridi. Nikaanza kusoma. Namba ya kwanza, mwenyewe aliwasha akaondoka. Ya pili hakuwepo. Ya tatu alisema nimemharibia asubuhi. Ya nne ilikuwa ya mkaka mpole aliyesimama karibu yangu kabisa. Alisikia, akanitazama kama anataka kuuliza kitu, na wakati uleule mwanamke akaja na mtoto mgongoni na kadi ya kliniki mkononi, akapanda nyuma yake.

Nilishuka mtaroni nikashika keria.

"Dada, unafanya nini?" mwanamke akasema. "Niache, nachelewa, foleni itajaa."

Nilimwambia: hii pikipiki bima yake haikuhusu wewe wala mtoto. Nilisema wazi, kwa sauti, huku namtazama usoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na ile pale?" akauliza, anaonyesha ya jirani.

Nikatazama karatasi. "Hiyo pia."

"Na ile?"

"Hiyo pia."

Akaweka sawa mtoto mgongoni, akashika kiuno cha dereva.

"Sasa mimi nitafikaje?"

Nikaachia keria. Waliondoka taratibu, kichwa cha mtoto kinachungulia kwenye mbeleko. Nilipanda tena ukingoni, nikatafuta mstari nilipoishia, nikasoma namba ya tano.